Dakika Ishirini na Tisa za Khonza

Saa ya mfereji ilisema ni saa tisa alasiri. Simu ya Zebunisa ilisema ni saa nane na robo, na jua lililokuwa juu ya mlima lilikubaliana na simu.

Zebunisa alikuwa amesimama mbele ya kisanduku cha bati kilichopigiliwa juu ya lango la maji, akizitazama tarakimu nyekundu alizoziwasha kwa mkono wake mwenyewe mwezi wa nne. Kila siku alfajiri ikipambazuka alipita hapa akairudisha saa hiyo ilingane na simu, na kila siku aliikuta imetangulia kwa karibu saa nzima. Wanaume wa kijiji cha Istargol walikuwa wameshaacha kucheka. Mwanzoni walimwambia kwamba saa yake imekichoka kijiji na inahamia Uchina, kunakopambazuka mapema, kidogo kidogo. Siku hizi walimwangalia tu, wakaenda zao na majembe begani.

King'ora kikalia. Mlinzi wa lango, mtu wa maneno machache, aling'oa ubao mmoja akachomeka mwingine, na maji yaliyokuwa yakienda kwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji yakageuka kuteremkia kwa Khonza, shamba la mwisho kabisa mferejini.

Istargol mtu hapewi maji kwa ndoo, hupewa kwa muda. Kila nyumba ina zamu yake mara moja katika siku kumi, na urefu wa kila zamu uliwekwa na watu ambao makaburi yao hayajulikani tena. Zamani muda ulipimwa kwa kivuli cha jabali kikipita juu ya mawe yaliyopakwa chokaa, na siku za mawingu watu walivunjana meno. Ndiyo maana kamati ya mfereji ilimkubalia Zebunisa, binti wa Amanullah, aliyerudi na diploma kutoka Peshawar, aweke saa itakayopiga king'ora bila kujali mawingu wala nani ana watoto wengi wa kiume. Zamu ya Khonza ilikuwa ya mwisho ya siku yake, yenye urefu wa saa moja na nusu. Baada yake maji yote hugeuzwa bwawani, na bwawa ndilo linaloendesha mashine ya umeme ya kijiji.

Siku hiyo Zebunisa alikaa juu ya jiwe akaisubiri zamu hiyo iishe. Kwa tarakimu nyekundu ilichukua saa moja na nusu kamili, bila kupungua sekunde. Kwa simu ilichukua dakika themanini.

Khonza alipanda kutoka shambani na jembe lake, miguu imeloa hadi magotini. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, na mwanawe wa pekee alikuwa Karachi akilinda geti la jengo la watu. Hakuja na makelele. Alitoa jani la hindi kwenye pindo la mtandio wake akaliweka juu ya kisanduku. Lilikuwa limejikunja kama sigara, kingo zake za manjano.

"Vipande vinne vya shamba vimekunywa," alisema. "Cha tano maji yamefika mlangoni yakakata. Mara ya tatu hii, mwanangu."

Zebunisa alimuuliza kama mahindi ya kipande cha tano bado yana uhai.

"Yametoa mbelewele. Siku kumi yatanivumilia. Ishirini, hapana." Akaliegemea jembe. "Kile ndicho chakula cha ng'ombe. Kikifa, namuuza kabla ya theluji."

Akashuka, jani akaliacha pale pale.

Zebunisa alipiga hesabu njiani kurudi nyumbani. Dakika kumi kasoro kidogo kwa kila zamu, zamu tatu, dakika ishirini na tisa. Saa aliyoileta ili mtu kama Khonza asiibiwe ndiyo iliyokuwa ikimwibia, tena kwa uaminifu mkubwa, kila mara kiasi kile kile. Zamu yake nyingine ilikuwa Jumapili ya wiki ijayo.

Alianza kwa kujishuku mwenyewe. Saa ilikuwa imekwenda vizuri mwezi wa nne wote na wa tano. Mwezi wa sita, siku mbili baada ya harusi ya kaka yake, aliongeza kwenye programu kipande cha kuonyesha jina la nyumba yenye zamu, na ni wiki hiyo hiyo saa ilipoanza kukimbia. Mtu yeyote angekishuku kipande hicho. Ijumaa asubuhi alikifuta chote, akairudisha programu ilivyokuwa mwezi wa nne, herufi kwa herufi. Ilipofika saa tano mchana, saa ilikuwa imetangulia dakika ishirini na mbili.

Akakaa chini akaisoma upya. Ilikuwa programu fupi, ukurasa mmoja na nusu. Haikubuni wakati, ilihesabu tu. Umeme wa kijiji hautiririki upande mmoja kama maji ya mfereji. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara hamsini kwa kila sekunde. Programu ilizihesabu mara hizo. Zikitimia hamsini, inaongeza sekunde moja. Bodi ndogo ya kompyuta iliyokuwa ndani ya kisanduku ilikuwa na kijiwe chake chenyewe cha kupimia muda, lakini kijiwe hicho kilikuwa kikikosea sekunde nne kwa siku, kwa sababu ya baridi ya asubuhi na joto la bati mchana, na Zebunisa alizikataa sekunde nne. Chuoni Peshawar waliupima umeme wa ukutani wiki nzima, na hamsini ilikuwa hamsini, usiku na mchana. Aliiamini hamsini kama mtu anavyoamini jina la baba yake.

Basi labda kulikuwa na hesabu za uongo zinazoingia. Kinu cha kusaga unga cha Qalandar, mwenyekiti wa kamati, kilikuwa na mota kuukuu inayorusha cheche, na kila cheche ingeweza kuhesabiwa kama pigo la umeme. Jumamosi alikwenda kumwomba akisimamishe kwa saa mbili. Qalandar alimwambia kwamba msichana aliyeshindwa kuishika saa yake mwenyewe sasa anataka kusimamisha kinu cha watu, na kwamba wiki ijayo bila shaka atakuja kuomba mto usimame. Hata hivyo alikisimamisha. Alikuwa mtu wa haki, mradi haki hiyo isimchoshe sana.

Kinu kiliposimama, saa haikupunguza mwendo. Iliongeza.

Zebunisa aliliandika hilo kwenye daftari bila kulielewa.

Jumapili ilikuwa nusu fainali ya kriketi. Hakuna aliyekwenda shambani ila mwenye zamu. Nyumba zenye televisheni zilijaa, zisizo na televisheni zilihamia kwa jirani, na dukani walitoa runinga nje wakaiweka juu ya magunia ya mchele. Zebunisa alibaki peke yake langoni na simu mkononi, akiandika kila nusu saa. Siku nyingine, simu ikihesabu dakika thelathini, tarakimu nyekundu zilihesabu thelathini na tatu na nusu. Jumapili hiyo, kuanzia saa nne hadi saa kumi, zilikwenda bega kwa bega na simu. Huko chini watu walinguruma, wakanyamaza, wakanguruma tena, na saa ikatulia kama iliyofungwa kamba.

Alirudi nyuma kurasa tatu. Asubuhi, wakati wa chai na mikate, saa ilikuwa sawa. Jioni, taa zikiwashwa, ilikuwa sawa. Katikati, watu wakiwa mashambani, ilikimbia. Kinu kikizimwa, ilikimbia zaidi. Televisheni zikiwashwa, haikukimbia kabisa. Ilikimbia pale watu walipoacha kutumia umeme. Jambo hilo lilikuwa limekaa kwenye mwandiko wake mwenyewe tangu jana, na hakuliona kwa sababu alikuwa akitafuta kosa ndani ya kisanduku.

Jumatatu alfajiri, bila hata kunywa chai, aliteremka kwenye nyumba ya mashine.

Sher Nadir alikuwa ameiendesha mashine hiyo tangu ilipoletwa kwa punda, vipande vipande, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kwenye bao la ukutani kulikuwa na mita ya mshale wa kuonyesha mapigo ya umeme, ila mshale ulikuwa umekufa zamani na juu ya kioo chake alikuwa ametundika kofia. Zebunisa alimsalimia, akampa pole na kazi, kisha akakaa naye hadi watu walipomaliza kupika na kutoka. Ilipopita saa mbili asubuhi alitoa mita yake ya mkononi akagusa nyaya mbili.

"Hamsini na sita, mjomba."

"Najua."

"Unajuaje na mita yako imekufa?"

"Masikio hayajafa." Alikuwa akisonga nati ambayo haikuhitaji kusongwa. "Tangu mwezi wa sita inaimba juu. Asubuhi inashuka, jioni inashuka, mchana iko juu. Nilimwambia baba yako. Akaniambia taa zinawaka, Sher Nadir, wewe una shida gani?"

Zebunisa alimuuliza kwa nini asipunguze maji kwa mkono wakati wa mchana. Sher Nadir alimweleza, kwa uvumilivu wa mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi, kwamba akipunguza maji na dakika hiyo hiyo mwenyekiti akawasha kinu, taa zote zinakufa na anayetukanwa ni marehemu mama yake. Mashine haikutengenezwa iendeshwe hivyo. Alimtoa nje akamwonyesha pipa kubwa la chuma lililojaa maji, na juu yake nyaya nene mbili zilizofungwa vitambaa mwishoni, hazikushika kitu. Ndani ya pipa hilo zilipaswa kukaa hita mbili. Watu wakizima vitu vyao, umeme unaozidi unakwenda kuchemsha maji ya pipa, mashine inaendelea kuhisi mzigo ule ule, na haiharakishi. Watu wakiwasha, pipa linapoa. Hita zikiwepo, hamsini inabaki hamsini.

"Na hita ziko wapi?"

Sher Nadir alirudi ndani akamimina chai ya maziwa na chumvi kwenye bakuli mbili. Alimsogezea moja.

"Kunywa," alisema. "Halafu kaulize kwenu."

Hakuhitaji kuuliza. Njiani kupanda, alikumbuka maji ya kuoga.

Mwezi wa sita walikuja wageni mia mbili kutoka ng'ambo ya mlima kumleta bibi harusi, na Istargol mgeni hanawi kwa maji ya barafu. Amanullah alimwendea Sher Nadir akaomba hita kwa siku tatu. Mtu mwenye harusi hanyimwi kitu. Angeweza kuomba mlango wa nyumba ya mashine na angepewa mlango. Siku tatu zilikwisha, wageni wakaondoka, bibi harusi akabaki, na hita zikabaki naye, kwenye tangi la bafuni, ambamo mama aliziwasha kila alfajiri. Zebunisa alikuwa ameyaoga maji yake kwa mwezi mzima. Alirudi kutoka kwenye kisanduku na vumbi, akijiuliza nani anaharibu saa yake, na akajimwagia jibu kichwani kwa kopo.

Baba yake hakukana. Alisema zitarudishwa leo hii, hakuna ugomvi. Kisha akafunga mlango wa chumba akamwomba jambo moja. Kwenye kikao cha kamati siku ya Ijumaa, aseme programu ilikuwa na kosa na sasa imerekebishwa, basi.

"Si uongo," alisema. "Hukusema mwenyewe kwamba ulihesabu vibaya? Kosa la kompyuta halina aibu, binti yangu. Hakuna mtu atakayekwenda kusimama mlangoni kwa kompyuta kuilaumu."

Zebunisa alichukua spana akaenda bafuni. Mama yake alisimama mlangoni akimshikia taa, akalalamika kwa sauti ya chini kwamba mkwe wake mpya atawaona watu wa ajabu, kisha akasema potelea mbali, kwao pia huoga maji baridi.

Jumanne hita zilikuwa ndani ya pipa. Sher Nadir alizifunga mwenyewe, akasimama kimya akisikiliza, akaitoa kofia kwenye mita ingawa mshale wake ulikuwa bado umekufa. Mita ya Zebunisa ilisema hamsini, ikasema hamsini nukta mbili, ikarudi hamsini. Mchana huo saa ya mfereji haikukimbia.

Lakini yeye hakutaka tena kuitegemea hamsini ya mtu mwingine. Aliandika programu upya. Sasa ilihesabu mapigo ya umeme na papo hapo ikakitazama kile kijiwe cha bodi, na vikipishana kupita kiasi ilikiamini kijiwe. Alikuwa amekataa kupoteza sekunde nne kwa siku, na kwa kuzikimbia sekunde nne akapoteza saa nzima. Hilo aliliandika pia kwenye daftari, kwa herufi kubwa, ili limuume kila akifungua.

Ijumaa baada ya sala kamati ilikaa kwenye baraza la kinu. Amanullah alikaa safu ya mbele. Khonza alikuja akakaa kwenye kizingiti, jembe kando yake.

Zebunisa alisimama akasema yote. Alisema kosa la kwanza lilikuwa lake: alipima umeme wa Peshawar akadhani amepima na wa Istargol. Kwa hilo aliomba radhi, akawatazama machoni wakati akiomba. Kisha akasema kwamba hita za nyumba ya mashine zilikuwa bafuni kwao tangu harusi. Hapo baba yake alianza kuvitazama viatu vyake, na hakuviacha hadi kikao kilipokwisha. Mtu mmoja nyuma akasema kumbe ndiyo maana watu wa nyumba ile wanang'aa hivi, na wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Kama angeketi hapo, mambo yangekwisha vizuri. Hakuketi. Alisema Khonza anadai dakika ishirini na tisa za maji, kwamba maji hayo yaliingia bwawani, na kwamba yalipwe Jumapili mwishoni mwa zamu yake, kabla maji hayajageuzwa bwawani.

Qalandar alifikiri. Alisema tangu babu zao, zamu ikishapita imepita na maji yake. Hakuna aliyewahi kulipwa maji ya jana. Ukimlipa mmoja utawalipa wote, kwa kuwa wote walipunjwa. Zebunisa akasema ni kweli wote walipunjwa, lakini yeye alikuwa amekaa langoni wiki nzima na alikuwa ameona jinsi wengine walivyojilipa wenyewe kwa kisigino, kwa kuusukuma ubao kidogo wakipita. Shamba la Khonza liko mwisho kabisa, hakuna ubao wa kusukuma. Akauliza kama kuna mwingine yeyote mwenye jani la manjano alilete sasa hivi.

Hakuna aliyeleta jani. Kikohozi kilipita baraza zima.

Hapo ndipo mtu alipokumbusha kwamba Jumapili ni fainali. Mechi ingeanza mchana na kwisha karibu na saa kumi na moja. Kwa televisheni zote zile, ikifika saa kumi na nusu bwawa litakuwa limekauka, na watu watakuwa wakiyasubiri maji ya mfereji kama watoto wanaosubiri ziwa la mama. Nusu saa bila maji ni nusu saa bila umeme. Qalandar alisema kwa upole kwamba jambo la Khonza ni la haki na litazungumzwa, ila liachwe hadi zamu ijayo.

"Zamu ijayo nitakuwa nimeshamuuza ng'ombe," Khonza alisema kutoka kizingitini.

Walimsikia. Wakapiga kura kwa mikono, na mikono ya kuliahirisha ilikuwa mingi.

Jumapili asubuhi Zebunisa alibandika karatasi juu ya kisanduku. Aliandika kwa wino mweusi, maandishi makubwa ya kusomeka kutoka njiani: zamu ya Khonza leo ni saa moja na dakika hamsini na tisa, nyongeza ni deni la bwawa. Chini yake akaweka jina lake. Hakutaka mtu aje aseme saa iliharibika tena. Wanaume walipita mbele ya karatasi hiyo siku nzima wakikimbilia kwenye mechi, na hakuna aliyegeuza shingo.

Saa tisa kamili, kwa tarakimu nyekundu, kwa simu na kwa jua, king'ora kililia na maji yakashuka kwa Khonza.

Saa kumi na nusu king'ora hakikulia. Mlinzi wa lango alikuwa ameshika ubao tayari. Aliitazama saa, akamtazama Zebunisa. Zebunisa akaonyesha karatasi. Mlinzi aliisoma polepole, akarudia kuisoma, akaulaza ubao chini akakaa juu yake.

"Mimi naambiwa nifuate king'ora," alisema. "Hakijalia."

Zebunisa alishuka shambani. Khonza alikuwa kwenye kipande cha tano, akiyapeleka maji kwa jembe, safu baada ya safu, na udongo uliopasuka uliyanywa kwa sauti ndogo ya mchemko. Mashina ya pembeni yalikuwa yameshakwenda. Ya katikati yalikuwa bado na kijani moyoni. Hawakuzungumza. Khonza alimwonyesha kwa kidole mahali maji yalipokuwa yakitoroka, na Zebunisa akaingia matopeni na viatu vyake vya mjini akaziba kwa mkono.

Ilipopita robo saa, kijiji kilinyamaza. Kelele zote za mechi zilikatika kwa pamoja. Kisha zikaanza kelele za namna nyingine.

"Wanakuja," Khonza alisema bila kuacha kazi.

"Waache waje. Njia ni ndefu."

Wa kwanza walifika langoni wakamkuta mlinzi amekaa juu ya ubao wake. Aliwaonyesha karatasi. Inasemekana walisimama pale wakiisoma, mmoja akiwasomea wasiojua kusoma, na wakati wao wakisoma maji yakaendelea kushuka. Waliobaki waliufuata mfereji hadi shambani kwa Khonza, lakini ukingoni walisimama. Istargol mtu haingii kwenye shamba lililo katikati ya zamu yake, hata kama nyumba yake inaungua. Walisimama wakapiga kelele kutoka ukingoni, na Khonza akapeleka maji kwenye safu ya mwisho.

Saa kumi na dakika hamsini na tisa king'ora kikalia.

Mashine ilipopata maji tena, fainali ilikuwa imekwisha. Walisikia matokeo kwa simu, kutoka kwa ndugu waliokuwa Karachi, na yalikuwa mabaya, jambo ambalo halikumsaidia Zebunisa.

Walimwita kwenye baraza la kinu jioni ile ile. Alikwenda na matope yake miguuni. Qalandar alikuwa amekaa mahali pake na kijiji kizima nyuma yake. Kwenye nguzo ya baraza kulikuwa na kondoo dume amefungwa kamba, mweupe, mnono, na Zebunisa alimtambua: alikuwa wa kwao. Baba yake alikuwa amesimama kando yake, mkono juu ya pembe. Mtu akiwakosea watu wote huleta kondoo, husimama, huomba radhi, kondoo huchinjwa, watu hula, na jambo huzikwa hapo hapo. Baba yake alikuwa ameshafanya nusu ya kazi.

Qalandar hakumfokea. Alimwambia kwamba hakuna anayesema Khonza hakupunjwa. Alimwambia kwamba kamati ilikata shauri na yeye akaliruka, kwamba leo ni mechi na kesho itakuwa mgonjwa zahanati, na kwamba mfereji hauwezi kuwa na kamati mbili. Aombe radhi, maneno mawili tu, na saa ibaki. Asipoomba, kisanduku kitashushwa kesho asubuhi na watarudi kwenye kivuli cha jabali.

"Sema, mwanangu," baba yake alisema. "Maneno mawili. Ijumaa uliyasema bila hata kuombwa."

"Ijumaa nilikuwa nimekosea."

Sher Nadir, aliyekuwa ameegemea mlango wa kinu, aliinamisha kichwa akajikuna kidevu. Khonza alikuwa kizingitini tena, jembe mapajani, bado linadondoka maji.

Zebunisa alitoa mfukoni ufunguo wa kisanduku cha bati. Akaupeleka akauweka kwenye mkeka mbele ya Qalandar.

"Kisanduku ni cha kijiji, mzee, mkitaka kukishusha kishusheni. Saa imekaa sawa, mtaikuta sawa hata kesho asubuhi." Kisha akamgeukia baba yake. "Na kondoo mrudishe zizini, baba. Siombi radhi."